Vidonda vidogo, oparesheni kubwa: maswali yenu kuhusu kupona baada ya kansa ya puru

Toleo lililopita tuliongelea kansa ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kabla ya njia ya haja kubwa, na barua zikaja nyingi, karibu zote za watu ambao mgonjwa wao kashafanyiwa oparesheni ya matundu, yaani ile ya kutoboa tumbo sehemu chache na kuingiza kamera, karudi nyumbani, na nyumbani hapo hakuna wa kumuuliza kitu. Mie ni muuguzi wa wodi ya upasuaji kwahiyo ninayoyajibu hapa ni yale tunayowaambia wagonjwa siku ya kuruhusiwa, siku ambayo kusema kweli hakuna anayesikia maana akili yote ishafika nyumbani. Daktari aliyemfanyia mgonjwa wako ndiye anayejua alichokikuta ndani, akikwambia tofauti na mimi mfuate yeye.

"Mume wangu kila mtu anamuona mvivu"

Shikamoo dada. Mume wangu ana miaka 54, kafanyiwa oparesheni ya kansa ya puru kwa matundu, baada ya wiki tukaruhusiwa, sasa hivi ni wiki ya tatu. Vidonda ni vidogo hata plasta hatuweki tena ila mtu hana nguvu kabisa, akioga analala, akila analala. Kaka zake wakija wanasema mbona fulani alipasuliwa tumbo zima na akarudi shamba, huyu si katobolewa tu. Juzi kaona aibu akataka kunyanyua ndoo ya maji nikapiga kelele. Halafu siku za mwanzo alikuwa analalamika bega, wakati kapasuliwa tumbo, hilo mpaka leo sijalielewa. Jirani kaniletea dawa ya kuflashi tumbo anasema choo kikitoka vizuri atachangamka. Nimpe? (Mama watatu, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hiyo dawa ya jirani: usimpe. Mumeo ana utumbo uliokatwa na kuunganishwa upya, na ule muungano bado ni mchanga, kwahiyo dawa za kuflashi, mafuta ya nyonyo, kupigwa bomba, kitu chochote cha kuingiza kwa nyuma, vyote hapana, hata kidonge cha kulainisha choo kitoke kwa daktari. Jirani ana nia nzuri, mshukuru tu halafu uiweke mbali.

Sasa hao mashemeji zako. Waambie hivi, kutobolewa ni mlango tu. Wanatoboa sehemu nne au tano hivi, tundu lenyewe sentimita 1 hivi au chini ya hapo, wanajaza tumbo hewa ya kabonidayoksaidi ili wapate nafasi ya kuona, wanaingiza kamera na vifaa virefu. Wakishaingia wanafanya kazi ileile aliyofanyiwa huyo fulani wao wa tumbo zima, au kubwa zaidi maana hata hatujui yeye alipasuliwa nini: puru inatolewa pamoja na mafuta yanayoizunguka yote, maana kwenye mafuta hayo ndimo zilimo tezi ambazo kansa hukimbilia kwanza, mbinu iliyoenezwa na daktari wa Uingereza anaitwa Bill Heald kuanzia 1982, kabla yake kansa ilikuwa inarudi palepale kwa wagonjwa wengi sana. Halafu utumbo wa juu unavutwa mpaka chini ndani ya nyonga na kuunganishwa. Mwangalie vizuri chini ya kitovu au karibu na kinena, utaona kidonda kimoja kirefu kuliko vingine, hapo ndipo walipotolea kipande chenyewe.

Na bega ni ile hewa. Inayobaki kidogo inakaa chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatokea shingoni, kwahiyo ubongo unasikia maumivu begani. Siku mbili tatu inaisha, kutembea kunasaidia.

Uchovu wa wiki ya tatu ni wa kawaida na unaweza kwenda mpaka miezi mitatu, na kama alipigwa mionzi au kemo, yaani dawa kali za kuua kansa, kabla ya oparesheni basi hata zaidi ya hapo. Ila nenda kapime wingi wa damu, wagonjwa wengi wa kansa hii wamevuja damu kwenye choo miezi na miezi kabla ya kugundulika, unakuta mtu anaitwa mvivu kumbe damu yake iko chini. Chakula mpe kidogokidogo mara tano sita kwa siku, yai, samaki, kuku wa kuchemsha, uji, wali laini, ndizi, na yale magumu yenye nyuzinyuzi nyingi msubiri, muulize daktari lini aanze. Asilale mchana kutwa. Zamani hata sisi wauguzi tulikuwa tunamlaza mgonjwa kitandani na kumnyima chakula mpaka siku kadhaa zipite, lakini kuanzia miaka ya 1990 daktari Henrik Kehlet wa Denmark akaonyesha kwamba mgonjwa akiinuliwa mapema, akala mapema, maumivu yakadhibitiwa vizuri, anapona haraka na matatizo yanapungua, na sasa hivi ndio utaratibu hospitali nyingi. Nyumbani ni hivyohivyo, atoke mpaka getini arudi, kesho afike kwa jirani, akichoka apumzike, jioni tena.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Wiki sita za mwanzo asinyanyue kitu kinachozidi kilo 4 au 5, na mtoto asimbebe, atakaa chini mtoto amfuate. Pale palipotobolewa ngozi inaziba haraka lakini nyama ya ndani bado haijashikana, akikaza tumbo utumbo unaweza kupenya na hiyo ni ngiri, yaani kurudi tena chumba cha upasuaji. Hapo uliyopiga kelele ulifanya vizuri.

La mwisho na ndilo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Homa baada ya oparesheni hii usiitibu malaria nyumbani. Naliona sana hili, mtu anapata homa siku ya nane, watu wanakimbilia duka la dawa, anapewa dawa ya malaria, siku mbili zinapita, kumbe muungano wa utumbo unavuja. Kuvuja mara nyingi kunatokea ndani ya wiki mbili za kwanza ila kunaweza kuchelewa pia, na dalili zake ni homa, tumbo kuuma zaidi ya jana badala ya kupungua, tumbo kujaa, moyo kwenda mbio, kutapika, usaha au uchafu kutoka nyuma. Hapo ni hospitali ileile aliyopasuliwa, usiku huohuo, malaria watapima wao hukohuko. Na mguu mmoja ukivimba au kuuma nyuma ya goti, au akabanwa kifua ghafla, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Kama alipewa zile sindano za tumboni za kuzuia damu isigande amalize zote, kwa kawaida ni wiki nne, wengi wanaziacha wakijiona wazima.

"Mama anakunywa maji mengi lakini anazidi kukauka"

Salaam aleikum. Mamangu ako na miaka 61, alifanyiwa oparesheni ya puru, wakamtolea utumbo mdogo nje kwa tumbo upande wa kulia na sasa anatumia mfuko, walisema ni wa muda. Shida mfuko unajaa maji maji, tunamwaga tukimwaga, midomo imekauka, kichwa kinamzunguka akisimama na mkojo ni kidogo. Tunampa maji mengi na madafu lakini wapi. Pia jana ametokwa na makamasi kwa njia ya haja, tumeogopa sana maana si tuliambiwa haja haitapita huko tena? Na Ramadhani aweza kufunga? (Kijana wa Likoni, Mombasa)

Waaleikum salaam. Hili la kwanza kaka fanya leo, usingoje kumaliza kusoma gazeti.

Utumbo mpana kazi yake mojawapo kubwa ni kunyonya maji na chumvi. Mama kinyesi chake sasa kinatokea kabla hakijafika huko, kwahiyo chumvi inatoka nayo, na ukimpa maji matupu mengi unazidi kuisukuma chumvi nje, ndio maana anakunywa na anakauka. Madafu ni mazuri lakini yana chumvi kidogo mno kwa shida hii. Mpe ORS, yaani maji ya chumvi na sukari, ya paketi ndiyo bora, ukikosa chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visawazishwe juu visiwe mlima, anywe kwa funda kutwa nzima. Maji matupu, chai, soda na juisi vipungue. Chakula kiongezewe chumvi kidogo, isipokuwa kama ana presha au moyo hapo muulizeni daktari kwanza.

Halafu pimeni. Tafuteni jagi lenye alama za mililita, kila mkimwaga mfuko muandike. Mililita 500 mpaka 1000 kwa siku ni sawa, ikizidi lita 1 na nusu, au akizunguzika na mkojo ukawa kidogo kama ulivyosema, anahitaji hospitali kupimwa figo na chumvi za damu na pengine kuwekewa dripu. Huko watampa na dawa ya kupunguza kasi, mara nyingi loperamide, inamezwa nusu saa kabla ya kula, ila asianze mwenyewe bila kuonwa maana kuna kuharisha kwa sababu ya maambukizi na hiyo haitakiwi kuzibwa.

Mfuko umwageni ukifika theluthi moja, ukijaa uzito unauvuta unabanduka. Ile sahani inayobandikwa kwenye ngozi, tundu lake likatwe likaribie kabisa utumbo, liache nafasi ya milimita 2 au 3 tu. Na pimeni upya wiki za mwanzo kwa sababu utumbo uliovimba baada ya oparesheni hupungua, tundu la mwezi uliopita linakuwa kubwa, uchafu unagusa ngozi, ngozi inababuka, mfuko haushiki tena, mnahangaika kumbe shida ni mkasi. Osheni kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kugusagusa, msipake mafuta wala losheni chini ya sahani. Nazi ya vipande, mahindi ya kuchoma, karanga na nyuzi za embe vinaweza kuziba njia, aviache wiki za mwanzo na akija kuvila atafune mpaka viishe. Mfuko ukikaa masaa bila kutoa kitu na tumbo linamsokota na anatapika, njia imeziba, hospitali.

Makamasi ya nyuma yasiwatishe. Kipande cha utumbo kilichobaki chini kiko hai na kinatengeneza ute wake kila siku hata kama chakula hakipiti, akae chooni autoe bila kujikamua. Usaha wenye harufu au damu nyingi ndio mrudi nao.

Kufunga, kwa mfuko wa utumbo mdogo na hali uliyoniandikia, kwa upande wa afya nakataa kabisa, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Swala asiiache kwa sababu ya mfuko kama nilivyowahi kuona kina mama wakijitenga wakidhani hawana twahara tena, muulizeni shekhe wenu, mtu mwenye udhuru unaoendelea hukumu yake ipo na ni nyepesi kuliko wanavyodhani. Mfuko wa muda kwa kawaida unafungwa baada ya wiki 8 mpaka 12 muungano ukishapimwa na kuonekana umeshika, ila kama ana kemo wengi wanasubiri imalizike.

"Tangu wafunge mfuko naishi chooni"

Hujambo daktari. Mimi nilifungwa stoma, yaani utumbo uliokuwa nje kwa tumbo ukarudishwa ndani, miezi mitatu iliyopita nikafurahi nikajua nimerudi kuwa mtu. Sasa naenda choo mara kumi hadi kumi na tano, natoka sekunde kidogo narudi, asubuhi nzima inaisha hivyo, nikipanda matatu lazima nijue stage gani iko na choo. Usiku nimechafua kitanda mara kadhaa, mke wangu ni mvumilivu lakini mimi naona aibu. Nimejiambia kansa imerudi. (Mwalimu, Eldoret)

Mwalimu, mimi ni muuguzi, ila karibu. Unayoyasema yanafanana kabisa na kitu kinachowapata wengi sana waliotolewa puru, tena zaidi wale ambao muungano wao uko chini kabisa na waliopigwa mionzi. Madaktari wa Denmark walitengeneza mwaka 2012 maswali matano ya kupima ukali wake: hewa kukutoka bila kutaka, choo chepesi kukuponyoka, unaenda mara ngapi, unarudi ndani ya saa moja, unabanwa mpaka unakimbia. Ukijibu hayo matano kliniki daktari anajua aanzie wapi.

Sababu ni kwamba puru ilikuwa tenki, inapokea, inakaa nacho, inakupa taarifa, ukawa unachagua saa ya kwenda. Wametoa tenki wakaunganisha bomba. Bomba halihifadhi, kikifika kidogo linasukuma, halafu kingine kinafuata, ndio ule mtindo wako wa kutoka na kurudi. Taratibu utumbo unajifunza, mabadiliko makubwa huonekana ndani ya mwaka wa kwanza na yanaweza kuendelea mpaka wa pili, lakini sitaki nikudanganye kwamba kila mtu anarudi kama zamani, wapo wanaobaki na kiasi fulani na wanaishi nacho vizuri wakipata msaada.

Msaada upo na usikubali kuambiwa vumilia tu. Loperamide kwa kipimo cha daktari, hasa kabla ya safari au kabla ya kipindi cha darasani. Unga wa isapgol unaouzwa famasi, ambao unashika maji na kukifanya choo kiwe kizito kitoke kwa pamoja, anza kidogo. Andika daftari la chakula wiki mbili, wengi wanakuta kahawa, pilipili, maziwa, pombe au mlo mkubwa wa usiku ndivyo vinavyowaamsha, wewe kula cha jioni mapema na kidogo. Mazoezi ya misuli ya nyonga, kaza pale unapozuia hewa isitoke mbele za watu, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi, asubuhi mchana na jioni kwa miezi kadhaa, na ukipata mfiziotherapia anayejua misuli hii hiyo ni bahati, mng'ang'anie. Ikishindikana kuna kusafisha utumbo kwa maji kwa kifaa maalum, unafundishwa na muuguzi na si vile vya mtaani, mtu anajisafisha asubuhi anakaa mkavu masaa mengi. Ngozi ya nyuma osha kwa maji badala ya karatasi, kausha, paka krimu ya zinki ile ya watoto.

Kuhusu kansa kurudi, ni bora upimwe kuliko kukaa na hiyo hofu, na ratiba ya kufuatiliwa unatakiwa uwe nayo hata hivyo: kipimo cha damu cha CEA, kitu ambacho kansa hii mara nyingi hukimwaga kwenye damu, kila miezi mitatu mpaka sita miaka ya mwanzo, CT skani, na kamera ya utumbo baada ya mwaka mmoja. Damu mpya kwenye choo, kupungua uzito, maumivu ya nyonga yanayozidi, hayo usingoje tarehe ya kliniki. Na mkeo mpe hii ukurasa asome.

"Sijui nimuulize nani hili"

Naomba usiandike nilipo. Nina miaka 48, oparesheni imepita miezi minne, kansa wanasema imetoka yote. Nguvu za kiume hakuna. Nikijaribu inaanza halafu inakufa, na mara moja nilifika mwisho hakikutoka kitu. Nimenunua mizizi. (Msomaji)

Kaka yangu, mizizi acha, hujui ndani kuna nini na mwili wako bado unapona. Mishipa ya fahamu inayoendesha kusimama kwa uume na kutoa mbegu inapita pembeni kabisa ya puru, nyembamba sana, daktari anajitahidi kuilinda lakini inavutwa, inavimba, na mara nyingine kansa yenyewe imeikaribia hawana jinsi. Mionzi nayo inachangia. Miezi minne ni mapema, mishipa hii inaweza kuendelea kurudi mpaka mwaka mmoja na nusu au miwili. Kutokutoa kitu ni kwamba mbegu zimerudi nyuma kwenye kibofu au hazikusukumwa, haina madhara, ila kama mnataka mtoto semeni mapema.

Nenda kamwambie daktari wako kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, ameshayasikia. Kuna vidonge vya sildenafil na tadalafil vinavyosaidia wengi, lakini ni hatari kabisa kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kwahiyo si vya kununua kichochoroni. Kama mkojo nao unakatika au hauishi mwambie pia, mishipa ni ileile. Kina dada wanaosoma hili, ukavu na maumivu wakati wa tendo baada ya oparesheni hii vina tiba, jeli ya kulainisha inaanza, na mionzi inaweza kubana uke kwahiyo msikae kimya miaka.

"Hivi matundu madogo hayaachi kansa ndani?"

Dada yangu ana miaka 47, kafanyiwa kwa matundu mwezi uliopita na sasa shangazi anasema wangempasua kabisa wangeona vizuri zaidi. Tumekosea? Na sisi wadogo zake je? (Dar es Salaam)

Kamera inakuza picha, mle chini kwenye nyonga nyembamba daktari anaona kuliko kwa macho matupu. Kulikuwa na utafiti mkubwa unaitwa COLOR II, wagonjwa 1,044 wa kansa ya puru kwenye nchi 8, wengine matundu wengine mkato mrefu, majibu yakatoka 2015: baada ya miaka mitatu kansa iliyorudi palepale ilikuwa asilimia 5 kwa makundi yote mawili. Mwaka huohuo tafiti mbili nyingine, moja ya Marekani na moja ya Australia na New Zealand, zilitia wasiwasi kuhusu ubora wa kipande kinachotolewa kwa matundu, kwahiyo shangazi hajaongea upuuzi, ila walipoendelea kuwafuatilia wagonjwa wale kansa kurudi hakukutofautiana kwa kiasi cha maana. Mkono wa daktari na uzoefu wake ndio una uzito.

Badala ya kubishana, ombeni majibu ya maabara ya kile kipande. Muulize daktari mambo matatu: kingo zilikuwa safi, hasa ule ukingo wa pembeni, maana kansa ikiwa milimita 1 au chini ya hapo kutoka ukingoni wanahesabu haikutoka salama, tezi ngapi zilichunguzwa, inatakiwa angalau 12, na ngapi zilikuwa na kansa. Hayo ndiyo yanaamua kama kuna kemo baadaye, na kemo ikipangwa ni vizuri ianze ndani ya wiki 8 tangu oparesheni, msiicheleweshe kwa kusubiri apate nguvu kabisa bila kumuuliza daktari. Nakala ya majibu hayo wekeni nyumbani, hospitali faili linaweza kupotea.

Nyinyi ndugu wa tumbo moja na watoto wake mnatakiwa kamera ya utumbo mkifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika mgonjwa, kinachotangulia. Yeye ana 47, kwahiyo kwenu ni 37, na mwenye damu kwenye choo asihesabu miaka, aende wiki hii.